Sigara na Kitambi Havitibiwi kwa Hotuba Moja

Tangu serikali ya Tanzania ilipozindua mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, Januari 2024, mazungumzo mengi yamekuwa juu ya idadi na posho. Lengo ni wahudumu 137,294, yaani wawili wawili, mwanamume na mwanamke, kwa kila kitongoji na kila mtaa, wote wakiwa wamepitia mafunzo ya miezi sita. Hesabu hiyo ni kubwa, na ni haki watu waulize watalipwa na nani na kwa muda gani. Swali linalopita bila kuulizwa ni jingine: wakishabisha hodi na kukaribishwa, watasema nini? Kwa chanjo, lishe ya watoto na kifua kikuu maneno yapo na yamezoeleka. Yanapofika magonjwa yasiyoambukiza, kila mtu, kuanzia jukwaani hadi kwenye kipeperushi, hurudia agizo lile lile: badili mtindo wa maisha, yaani acha sigara, punguza uzito, fanya mazoezi. Hoja yangu ni kwamba agizo hilo limefunga kwenye kifurushi kimoja mambo mawili yasiyofanana. Ushauri wa dakika moja kwa mvutaji sigara una nguvu kuliko tunavyoamini. Ushauri huo huo kwa mtu mwenye uzito uliopitiliza una nguvu ndogo kuliko tunavyojipa moyo, isipokuwa uwe umeishia mahali ambapo mtu huyo anaweza kwenda kesho asubuhi akapokelewa.

Ukubwa wa jambo lenyewe haupingiki. Utafiti wa kitaifa wa matumizi ya tumbaku kwa watu wazima uliofanyika mwaka 2018 ulikuta watumiaji takriban milioni 2.6, sawa na asilimia 8.7 ya watu wazima, wengi wao wakivuta na wengine wakitumia ugoro au tumbaku ya kutafuna. Wanaume walikuwa asilimia 14.6, wanawake asilimia 3.2. Kwa upande wa uzito picha inageuka kabisa. Tafiti za afya na idadi ya watu zilionyesha kwamba wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 wenye uzito uliopitiliza au unene uliokithiri walikuwa asilimia 18 mwaka 2004/05, wakafika asilimia 22 mwaka 2010 na asilimia 28 mwaka 2015/16. Kwa hiyo tayari, kabla ya kuzungumzia tiba, tuna makundi mawili: moja dogo kiasi, la wanaume kwa sehemu kubwa, na jingine kubwa linalokua haraka, ambamo wanawake ndio wengi. Kuyahutubia yote mawili kwa sauti moja ni kosa la hesabu kabla halijawa kosa la kitabibu.

Nianze na sigara, maana huko ushahidi ni wa zamani na umesahauliwa. Mwaka 1979 watafiti wa London walichapisha jaribio lililohusisha madaktari 28 wa familia na wagonjwa wavutaji 2,138, watu waliokuwa wamekwenda kwa daktari kwa shida zao za kawaida, si kwa ajili ya sigara. Baadhi yao hawakuguswa na lolote. Wengine walijaziwa dodoso tu. Wengine waliambiwa na daktari waache, kwa dakika moja au mbili za mazungumzo ya kawaida. Kundi la mwisho waliambiwa hivyo hivyo, wakapewa kipeperushi, na wakaelezwa kwamba watafuatiliwa. Baada ya mwaka mmoja, walioacha na kubaki wameacha walikuwa asilimia 0.3 katika kundi la kwanza, 1.6 katika la pili, 3.3 katika la tatu na 5.1 katika la nne. Asilimia tano haimvutii mwandishi wa habari, wala haimtoi daktari kifua mbele, kwa kuwa yeye anawaona wale 95 wakirudi na harufu ile ile. Lakini watafiti wale walipiga hesabu nyingine: iwapo madaktari wote wa familia wa Uingereza wangefanya hivyo, wangepatikana watu zaidi ya nusu milioni wanaoacha kila mwaka, idadi ambayo isingefikiwa hata kama kliniki maalumu za kuacha sigara, zilizokuwa kama 50 hivi wakati huo, zingeongezwa hadi 10,000.

Mapitio ya tafiti nyingi yaliyofuata yamekuwa ya tahadhari zaidi. Yanasema kwamba kati ya wavutaji wanaojaribu bila msaada, wawili au watatu katika mia hufanikiwa, na neno fupi la daktari huongeza mmoja hadi watatu. Tuchukue makadirio hayo ya chini na tuyalete nyumbani. Tuseme nusu tu ya watumiaji wetu, watu milioni 1.3, wakaulizwa na kushauriwa ipasavyo na mtu wanayemwamini, na wawili tu kati ya kila mia wakaacha. Hao ni watu 26,000, idadi inayojaza vitanda vya hospitali nyingi za rufaa. Faida yao inajulikana pia, kwa sababu madaktari wa Uingereza walifuatiliwa kwa miaka 50 na matokeo yakachapishwa mwaka 2004: mvutaji wa maisha yote hupoteza wastani wa miaka kama kumi, anayeacha akiwa na miaka 60 huokoa mitatu, wa miaka 50 huokoa sita, wa miaka 40 huokoa tisa, na wa miaka 30 hurudishiwa karibu yote. Sijui dawa nyingine ya bei ya dakika moja inayofanya kazi hiyo.

Sasa tugeukie uzito. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Uingereza lililohusisha watu 1,882 wenye unene uliokithiri, nao pia wakiwa wamekwenda kwa daktari kwa mambo mengine. Daktari alitumia sekunde 30 tu. Kwa nusu yao alisema kwamba afya yao ingenufaika wakipunguza uzito, akaishia hapo. Kwa nusu nyingine alisema kuna kikundi cha kusaidiana kupunguza uzito kinachokutana kila wiki, kwamba hawatalipa chochote, na kwamba wakikubali wanaandikishwa pale pale kabla hawajaondoka. Watu 77 katika mia walikubali, na 40 katika mia walikwenda kweli. Mwaka mmoja baadaye, walioambiwa tu walikuwa wamepungua kilo 1.04 kwa wastani, na waliofunguliwa mlango kilo 2.43. Kuna jambo jingine katika jaribio hilo ambalo madaktari wetu wanapaswa kulisikia: waliosema kwamba kuulizwa kuhusu uzito hakukufaa wala hakukusaidia hawakufika hata mmoja katika kila 500. Watu hawachukizwi na kuulizwa. Wanachukizwa na namna ya kuulizwa, na zaidi na kuulizwa na kisha kuachwa.

Tofauti hii ina sababu yake. Sigara ni kitu kimoja, ina mwanzo na mwisho, na aliyeiacha ameiacha. Hahitaji kuvuta nusu ya sigara mara tatu kwa siku ili aishi. Chakula hakiachiki. Anayepunguza uzito anarudi mezani kila siku, kwenye chungu kile kile ambacho pengine hakupika yeye, kati ya watu ambao hawajaamua kubadili chochote, huku mwili wenyewe ukipigana kurudisha kilo zilizotoka. Kumwambia mtu huyo "punguza wanga" ni kumpa lengo bila njia. Maswali yake ya kweli hayamo kwenye kipeperushi: ugali kiasi gani, chapati za asubuhi zibadilishwe na nini kwa bei ile ile, mama lishe wa kazini atamwambiaje apunguze mafuta, na atatembea saa ngapi iwapo anatoka nyumbani alfajiri na kurudi usiku. Majibu ya maswali hayo yanatafutwa kidogo kidogo, wiki baada ya wiki, na mtu anayerudi kuuliza lilikwenda vipi lile la wiki iliyopita. Ndivyo lilivyofanya jaribio maarufu la Marekani la mwaka 2002 lililohusisha watu 3,234 waliokuwa karibu kuingia kwenye kisukari. Waliosaidiwa kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki walipunguza hatari ya kisukari kwa asilimia 58, wakati waliopewa metformin, dawa ya kushusha sukari, waliipunguza kwa asilimia 31. Walichopewa watu wale kilikuwa mtaala wa masomo 16, na mwalimu aliyewajua kwa majina. Kwetu nusu ya pili ya sentensi hiyo huwa inasahaulika.

Mwaka jana nilimsindikiza baba mdogo kwenye zoezi la upimaji bure uwanjani. Alipimwa uzito, kiuno, shinikizo la damu na sukari, akapewa karatasi iliyoandikwa kwa mkono: "Acha sigara. Punguza uzito." Aliuliza aanzie wapi. Kijana aliyekuwa mezani, ambaye nyuma yetu alikuwa na watu wapatao mia wakingoja juani, alimjibu kwa upole kwamba aanze na vyote. Simlaumu yule kijana.

Jambo linaloshangaza ni kwamba nchi hii inajua kufanya ushauri vizuri. Neno lenyewe, ushauri nasaha, lilienea majumbani kwetu kupitia Ukimwi. Vituo vya ANGAZA vilipofunguliwa mwaka 2001, mtu alikaa chini na mshauri kabla ya kipimo na baada yake, akasikilizwa, siri yake ikatunzwa. Hata hivyo, wengi waliogopa kwenda, na hawakuwa wajinga: walijiuliza kupima kutawasaidia nini ikiwa dawa hazipo. Hali ilibadilika pale serikali ilipoanza kutoa dawa za kufubaza virusi bure mwaka 2004, kwa sababu sasa ushauri ulikuwa na mahali pa kumpeleka mtu. Vituo vya tiba na matunzo, ambavyo kila mtu huviita CTC, vikampa kadi, tarehe ya kurudi na mtu wa kumtafuta asipoonekana. Ukiondoa dawa, kadi, tarehe na mfuatiliaji, kinachobaki ni mazungumzo mazuri. Katika magonjwa yasiyoambukiza tumechukua mazungumzo na kuacha vingine vyote, kisha tunashangaa kwamba watu hawabadiliki.

Mfano wa pili unauma zaidi. Februari 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kutoa methadoni, dawa inayochukua nafasi ya heroini mwilini, kwa watumiaji wa heroini, na huduma hiyo imeenea mikoa mingine. Kwa uamuzi ule taifa lilikubali kwamba uraibu ni ugonjwa, na kwamba mraibu huhitaji dawa ya kumshika mkono pamoja na ushauri. Nikotini nayo inafunga watu kwa namna hiyo hiyo, lakini mraibu wake bado anaambiwa ajikaze. Vibandiko na chingamu za nikotini viliingia kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2009. Bupropion na varenicline, vidonge vya kusaidia kuacha sigara, ziliongezwa mwaka 2021. Na Julai 2024 shirika hilo likatoa mwongozo wake wa kwanza wa kitabibu wa kuwasaidia watu kuacha tumbaku. Ipo pia cytisine, dawa ya zamani ya Ulaya Mashariki itokanayo na mmea, inayomezwa kwa siku 25 na ambayo ni ya bei nafuu kuliko wenzake. Katika jaribio la Poland lililochapishwa mwaka 2011, waliomeza dawa hiyo na kukaa mwaka mzima bila sigara walikuwa asilimia 8.4, dhidi ya asilimia 2.4 ya waliopewa kidonge kisicho na dawa. Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Kudhibiti Tumbaku mwaka 2007, na ibara ya 14 ya mkataba huo inazitaka nchi wanachama kuwapatia raia tiba ya kuacha. Ingia zahanati yoyote ya kata uulize kibandiko cha nikotini uone utakavyotazamwa.

Wanaopinga kuupa ushauri uzito huu wana hoja kadhaa, na hazilingani kwa nguvu. Iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayosikika zaidi: kwamba mtu mzima anajua, pakiti yenyewe imeandikwa onyo, kioo kiko nyumbani, asiyeacha amechagua. Hoja hii inadhani kwamba kazi ya ushauri ni kutoa habari. Matokeo ya London yanaikanusha yenyewe: wavutaji wa makundi yote manne walikuwa na habari ile ile, kwa kuwa mwaka 1979 hakuna Mwingereza aliyekuwa hajasikia juu ya sigara na saratani, na bado waliokuwa wameulizwa, wakaambiwa na kuahidiwa kufuatiliwa waliacha kwa wingi zaidi. Kilichoongezeka hapo hakikuwa elimu. Mtu mwenye heshima alionyesha kwamba jambo lile lina uzito, kwamba linawezekana, na kwamba mtu atakuja kuuliza. Isitoshe, wanaosema kwamba mvutaji amechagua huwa hawasemi hivyo kwa mgonjwa wa malaria aliyelala bila chandarua.

Hoja ya muda ina ukweli zaidi. Mganga wa zahanati anayeona wagonjwa 60 kwa siku hawezi kuongeza darasa la lishe. Naikubali, na ndiyo sababu ya kutenganisha mambo haya mawili. Kumuuliza kila mgonjwa kama anatumia tumbaku, kumwambia bila kuzunguka aache, na kumwelekeza kwa dawa au kwa mtu wa kumsaidia hakuzidi dakika moja, na mwenye kikohozi cha kifua kikuu au mama mjamzito ambaye mumewe anavuta ndani ni watu waliokwisha kufika wenyewe. Kazi ya uzito si ya mganga huyo kabisa. Yeye anapaswa kufanya zile sekunde 30: aulize, atoe nafasi, aandike jina kwenye kikundi. Kikundi chenyewe kiongozwe na mwingine.

Ipo hoja ya tatu, nayo haiwezi kupuuzwa kirahisi. Huko Denmark, kuanzia mwaka 1999, watafiti waliligawa kundi la watu 59,616 wa vitongoji vya Copenhagen, wakaita baadhi yao kupimwa hatari ya ugonjwa wa moyo na kupewa ushauri wa mwenendo wa maisha mara kadhaa kwa miaka mitano. Baada ya miaka kumi hapakuwa na tofauti: wala katika ugonjwa wa moyo, wala kiharusi, wala vifo. Anayependa ushauri wa kinga lazima aumeze mfupa huu. Mimi nausoma hivi: walioitwa hawakuja wote, na katika zoezi la namna hiyo mara nyingi wanaokuja ni wale wenye shida ndogo, tena Wadenmark tayari walikuwa na daktari wa familia kila mmoja, kwa hiyo wito uliongeza kidogo juu ya kilichokuwapo. Lakini hata ukiusoma vingine, unachokipiga ushahidi huo si swali la daktari kwa mgonjwa aliye mbele yake. Unachokipiga ni hili tunalolipenda sisi, la kufunga mahema uwanjani, kuita kila mtu, kupima kila kitu, na kutangaza jioni idadi ya waliojitokeza. Vilevile unawapa nguvu wanaosema kwamba kodi ya sigara, marufuku ya matangazo na chakula bora kwa bei nafuu vina faida kubwa zaidi kwa umma kuliko ushauri wowote, na katika hilo wako sahihi. Katika nchi ambayo Tabora na Chunya zinaishi kwa tumbaku na sigara inauzwa moja moja kwenye kibanda cha kila mtaa, sera hizo ni ngumu na ni za lazima. Ila kodi ikipanda, yupo mtu atakayetaka kuacha Jumatatu hiyo hiyo. Mtu huyo anahitaji pa kwenda.

Kuhusu uzito kuna jambo moja ambalo miongozo ya kigeni haiwezi kutufundisha. Kwetu "umenenepa" ni salamu. Mwenye kitambi anaonekana mambo yake yamenyooka, na bibi harusi akikonda ndugu wanauliza kuna nini huko alikoolewa. Kwa kizazi kilichozika watu miaka ya 1990, kupungua haraka kulikuwa na maana moja tu, na mama wa miaka 50 anayeshauriwa apunguze kilo sita hajasahau. Akipungua, majirani watanong'ona. Mhudumu wa afya wa kitongoji hicho analijua hili kuliko daktari bingwa yeyote, na hapo ndipo thamani yake ilipo. Anaweza kulizungumza wazi, anaweza kuanza na sukari au presha badala ya mizani, na anaweza kueleza kwamba kwa mtu wa kilo 90 asilimia 7 ni kilo sita na kidogo tu, ambazo hazimkondeshi mtu hata kidogo. Anaweza pia kuona kwamba kikundi hakihitaji kuanzishwa: wanawake wale wanakutana kwenye VICOBA, vikundi vyao vya kuweka na kukopa, kila wiki, wana mwenyekiti, wana daftari, na wamezoea kuulizana kwa nini fulani hakuleta hisa. Sindano mpya za kupunguza uzito zinazozungumzwa duniani, ambazo mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani liliziingiza kwenye orodha ya dawa muhimu kwa baadhi ya wagonjwa wa kisukari, hazitafika kitongojini kwa bei hizi. VICOBA vimeshafika.

Yanayofuata hapa yanahusu makabati na madaftari kuliko hotuba. Kitita cha bima ya afya kwa wote, ambayo sheria yake ilipitishwa mwaka 2023, kinaweza kutaja dawa za kuacha tumbaku kwa majina au kukaa kimya. Kikikaa kimya, mhudumu wa jamii ataendelea kubisha hodi akiwa na maneno matupu. Mafunzo ya miezi sita yanaweza kutenga siku za kumfundisha mwanafunzi kuuliza na kusikiliza kwa mazoezi, au yanaweza kumkaririsha orodha ya madhara. Na vitabu vya MTUHA, yaani vya takwimu za huduma za afya, ambavyo ndivyo vinavyoamua kila zahanati inajiona imefanya nini, vinaweza kuendelea kuhesabu watu waliopewa elimu, idadi ambayo hupanda kila robo mwaka bila mtu hata mmoja kuacha sigara, au vinaweza kuongezewa safu mbili: moja ya mvutaji aliyeulizwa tena baada ya miezi sita na jibu lake, na nyingine ya mtu aliyeandikishwa kwenye kikundi akahudhuria walau mara nane. Safu hizo zitakuwa na tarakimu ndogo na za aibu kwa mwaka wa kwanza na wa pili, na maofisa wa wilaya watashawishika kuzifuta.